Chunguza Kimiminika Kabla ya Kuilaumu Fuwele

Mara ya kwanza nilipobana natroliti, madini yenye maji ndani yake, kati ya ncha mbili za almasi, fuwele ilipanuka. Chembe ya yakuti niliyoiweka kando yake kupimia mgandamizo ilionyesha kuwa nakaribia gigapaskali 1, yaani karibu mara 10,000 ya mgandamizo wa hewa, na bado miale ya eksirei ilisema ujazo umeongezeka. Nilikagua vipimo usiku kucha, nikabadilisha gasketi, yaani kipete kinachozuia sampuli kati ya almasi, nikarudia kazi yote kwa sampuli mpya, na jibu likawa lile lile.

Vipimo vilikuwa sahihi. Nilichokuwa nimekipuuza ni kimiminika. Sampuli ilikuwa imezungukwa na mchanganyiko wa metanoli, ethanoli na maji kwa uwiano wa 16:3:1, ambao wengi wetu huutumia kwa kuwa husambaza mgandamizo sawasawa pande zote. Natroliti ni zeoliti, yaani madini yenye vinyweleo vidogo sana, na ndani yake mna mifereji myembamba inayokaliwa na sodiamu pamoja na molekuli 2 za maji kwa kila fomula. Mgandamizo unapofika kiwango hicho, maji ya nje husukumwa ndani ya mifereji hadi molekuli hizo kuwa 4, na kiunzi chote cha fuwele hujizungusha ili kuyapa nafasi.

Kwa hiyo, ukifanya kazi na zeoliti, andaa sampuli pacha ndani ya mafuta ya silikoni, ambayo molekuli zake ni kubwa mno kupenya mifereji hiyo. Nilipofanya hivyo, natroliti ilipungua ujazo kama nilivyotarajia tangu mwanzo, na tofauti ya mikondo miwili ya ujazo dhidi ya mgandamizo ikawa ndiyo matokeo yenyewe.

Jiulize pia maji yamekaa kwa namna gani ndani ya madini. Brusiti, madini ya magnesiamu, haina molekuli za maji hata moja. Ina haidroksili, yaani oksijeni iliyoungana na hidrojeni moja, zilizopangwa katika matabaka, na ukiibana, matabaka husogeleana upesi kuliko fuwele inavyofupika kwa upande mwingine. Hapo kimiminika hakina pa kuingilia. Ringwudaiti, madini ya kina kirefu cha dunia, iliyotangazwa mwaka 2014, iliyopatikana ndani ya almasi kutoka Brazili ikiwa na takriban asilimia 1.5 ya maji kwa uzito, nayo huyabeba kama haidroksili. Kwa kuwa eksirei huiona hidrojeni kwa shida sana, usitoe hukumu juu ya maji kabla hujaipima sampuli kwa miale ya infraredi pia, na uikaushe vizuri kwanza, maana unyevu wa juujuu hudanganya.

Jambo ambalo wanafunzi wengi huliruka, nami naliona la thamani kubwa, ni kupima wakati wa kulegeza mgandamizo. Legeza kidogo kidogo, na upime katika kila hatua. Natroliti yangu iliyatoa maji ya ziada njiani, na almasi zilipoachana, ilikuwa imebaki na molekuli zake 2.