Bibi ya mchumba wangu alikuwa Hiroshima

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma Hiroshima, Japani, na nimepata mchumba huku. Bibi yake mzaa mama alikuwa na miaka 4 bomu la atomiki lilipolipuka, nyumba yao ikiwa kama kilomita 2 kutoka hapo. Yu mzima, anajipikia mwenyewe, ila kila mwaka anapimwa saratani. Nilipowaambia nyumbani Tanga, mama mkubwa akaja juu: ukoo ule una mionzi, utazaa watoto wagonjwa! Miaka 80 imepita, bado wanampima nini? Na maneno ya mama mkubwa yana ukweli?

M., Hiroshima

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mama mkubwa, maana nahisi ndiye anayekunyima usingizi.

Mionzi ya Agosti 6, 1945 ilimpitia bibi ikaenda zake. Haimo mwilini mwake kusema atamwambukiza mtu. Ilichoacha ni majeraha kwenye vinasaba vya baadhi ya seli zake yeye. Watoto wapatao 77,000 waliozaliwa na manusura baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo, na hakuna ongezeko la saratani wala la kasoro za kuzaliwa lililothibitika kutokana na mionzi ya wazazi. (Waliokuwa tumboni siku ile ni habari nyingine, hao mionzi iliwapata wenyewe.) Mwenzio ni mjukuu, tena! Wala mama mkubwa si wa kwanza: huko huko Japani wapo manusura waliokataliwa posa, na wengine wakaficha walikokuwa siku hiyo ili waolewe.

Sasa bibi. Saratani ya damu ndiyo iliyotangulia, ikashika kasi zaidi kati ya mwaka wa sita na wa nane baada ya bomu. Sasaki Sadako, yule msichana anayekumbukwa kwa kukunja ndege wa karatasi akiugua saratani hiyo, alikuwa na miaka 2 bomu lilipolipuka, akafariki 1955 akiwa na 12. Saratani za tumbo, mapafu, matiti na utumbo zilichelewa kama miaka 10 hivi kuanza kuongezeka, na hatari yake haijaisha mpaka leo. Seli iliyojeruhiwa utotoni huweza kukaa kimya miaka mingi, uzee ukaja kuongezea majeraha mengine juu yake. Waliopatwa na mionzi wakiwa wadogo wako hatarini kuliko watu wazima, na wanawake kuliko wanaume. Bibi yumo kotekote.

Lakini usimzike kabla ya siku zake. Katika saratani 17,448, ukiacha za damu, zilizopatikana kati ya 1958 na 1998 kwa watu wanaofuatiliwa, zilizokadiriwa kuletwa na mionzi ni kama 850. Kwa kilomita 2 dozi ya mionzi ilikuwa ndogo sana kuliko ya waliokuwa kilomita moja. Hata akiugua kesho, huenda ni uzee tu.

Manusura wanaotambuliwa wana kitabu cha afya, kilichoanza kwa sheria ya 1957, na kwacho hupimwa bure. Siku yake ya kupimwa ikifika, msindikize. Na kama unavuta sigara, usiivutie nyumbani kwake. Moshi na mionzi, kwa mapafu, ni mzigo juu ya mzigo.