Maswali na majibu: Mkristo na gemu za kuua

Likizo za shule zimeanza, na kama ilivyo kila mwaka barua zinazouliza habari za gemu zimezidi hata zile za ndoa. Nimechagua chache. Wale walioniuliza kama namba 666 imefichwa ndani ya pedi ya PlayStation wanisamehe. Sitawajibu leo wala kesho.

Mwalimu, je, ni dhambi Mkristo kucheza gemu? *(Wasomaji wengi mno)*

Hapana. Atakayeliuliza tena swali hili, naomba ataje jina la gemu, umri wa mchezaji na saa anayokwenda kulala.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, ninaimba kwaya, na ninacheza GTA V, ile gemu ya majambazi. Najua ni ya watu wazima, lakini mimi ni mtu mzima. Nikimpiga mtu risasi mle ndani hakuna aliyekufa, hakuna mjane wala yatima. Dhambi iko wapi? *(Kijana, Dodoma)*

Marahaba, mwanangu. Hoja yako ina nguvu kuliko wanavyokubali wazee wengi wa kanisa, kwa hiyo sitaipuuza. Ni kweli kwamba hakuna aliyekufa, na amri ya Usiue haikuvunjwa na kidole chako gumba. Lakini wewe umeniuliza habari za aliyepigwa risasi, nami nataka tumzungumzie aliyepiga.

Katika karne ya 4 palikuwa na kijana Mwafrika aitwaye Alypius, rafiki wa Agostino, yule askofu na mwandishi mashuhuri wa kanisa la kale. Alypius alikwenda Roma kusoma sheria. Alichukia michezo ya uwanjani ambamo watu waliuana mbele ya watazamaji, na siku marafiki zake walipomkokota hadi huko aliwaambia kwamba wameuleta mwili wake tu, kisha akafumba macho. Uwanja ulipolipuka kwa kelele alishindwa na udadisi, akafumbua. Agostino anasimulia kwamba kijana yule aliinywa damu ile kwa macho bila kujua anakunywa nini, naye akarudi tena na tena, safari hii akiwakokota wengine. Tazama vizuri kilichompata: hakumuua mtu, hakumpiga mtu, wala maisha yake yote hatusikii kwamba alimchoma mtu kisu. Alijifunza tu kufurahia, na hilo ndilo Agostino aliliona kuwa msiba.

Utaniambia kwamba wale walikuwa watu wa kweli na hawa ni picha. Sawa, na tofauti hiyo ni kubwa. Anayeikana hajawahi kuona maiti. Lakini kilichobadilika ni yule anayeumia, wala si yule anayefurahi. Tulipokuwa chuoni, bweni letu lilikuwa na kompyuta moja, na ndani yake Mortal Kombat, gemu ya watu wawili kupigana hadi mmoja auawe. Mwezi wa kwanza nilicheza ili nishinde. Mwezi wa tatu nilikuwa nikimshinda mwenzangu mapema ili nisikose ile nafasi ya mwisho ya kumng'oa mpinzani uti wa mgongo, na bweni zima lilikuwa likishangilia, nami nikicheka kuliko wote. Siku moja nilijisikia nikicheka hivyo, nikaona haya.

Zaburi 11:5 inasema kwamba nafsi ya Bwana humchukia mwenye kupenda udhalimu. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni lile lile la Mwanzo 6:11, dunia ilipojaa dhuluma kabla ya gharika. Mtunga zaburi hakusema anayeuona udhalimu, maana sote tunauona, wala hakusema anayeuigiza, maana hata watoto wetu wa Krismasi huigiza askari wa Herode. Amesema anayeupenda.

Kwa hiyo siziweki gemu zote za bunduki katika kapu moja. Ipo ya vita ambamo unamlinda mwenzako na kuogopa, na ipo inayokulipa kwa kucheka. GTA V, iliyotoka Septemba 2013 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 200, ina sehemu ambamo mchezaji mwenyewe humtesa mtu aliyefungwa kwenye kiti, tena ndiye anayechagua chombo cha kumtesea. Wapo wanaosema sehemu hiyo iliwekwa ili kuukemea utesaji. Huenda. Lakini mimi sijakutana na kijana aliyeimaliza akatoka analia. Maoni yangu, na ni maoni, si sheria ya kanisa: iache. Kama kuiacha kunakuuma kuliko kufunga Kwaresima, basi soma 1 Wakorintho 6:12 mpaka mwisho wa mstari, pale Paulo anaposema hatatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote, maana wengi wenu huishia kwenye “vitu vyote ni halali” na kufunga kitabu.

Biblia yenyewe imejaa vita. Daudi alimkata Goliathi kichwa. Mbona watoto wanafundishwa hadithi hiyo Jumapili, lakini gemu ya vita inakatazwa? *(Msomaji, Mbeya)*

Swali zuri, ingawa ninashuku limeulizwa na mtu mwenye pedi mkononi. Biblia haifichi damu, lakini pia haiifanyi kuwa burudani. Soma Waamuzi 19, habari za yule suria wa Mlawi, kisha uniambie kama umemaliza ukitamani kuirudia. Yule Daudi unayemtaja ndiye aliyelia na kufunga Sauli alipokufa, ingawa Sauli alikuwa amemwinda kama kware milimani. Na ndiye aliyekataliwa kumjengea Bwana nyumba kwa sababu alikuwa amemwaga damu nyingi, kama 1 Mambo ya Nyakati 22:8 inavyosema wazi. Mtu aliyepigana vita vya Bwana mwenyewe alibaki na damu ile kama doa. Nionyeshe gemu moja ambamo baada ya kuua watu mia mbili mchezaji huambiwa kwamba kazi ile takatifu apewe mwanawe. Ikiwapo, nitaicheza.

Nawe mwalimu wa Jumapili unayewaigizia watoto kichwa cha Goliathi kwa fenesi na kisu, nimekuona. Punguza.

Mwanangu ana miaka 11. Mjomba wake amemletea Call of Duty kutoka London, na kwenye jalada kuna namba 18 ndani ya kisanduku chekundu. Nilidhani ni toleo la 18. Jirani ameniambia sivyo. Ni nini? *(Mama, Mombasa)*

Jirani yako ana akili, mama. Hiyo ni alama ya umri ya PEGI, utaratibu wa Ulaya ulioanza mwaka 2003, wenye ngazi za 3, 7, 12, 16 na 18. Kijani ni ya wadogo, ya rangi ya machungwa ni ya katikati, nyekundu ni ya watu wazima. Nyuma ya jalada pana vipicha vidogo vinavyoeleza sababu: ngumi kwa ajili ya mapigano, sindano kwa ajili ya dawa za kulevya, na kadhalika. Gemu za Marekani hubeba alama ya ESRB, ambayo ni herufi: E ni ya kila mtu, T ya vijana kuanzia miaka 13, M ya miaka 17 na kuendelea, AO ya watu wazima peke yao. Mfumo huo ulianza mwaka 1994, baada ya Maseneta wa Marekani kuikalia kikao Mortal Kombat mwishoni mwa 1993 na kuwatisha watengenezaji kwamba wasipojipangia utaratibu watapangiwa na serikali.

Sasa sikiliza kinachonikera. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2012, muuzaji anayemuuzia mtoto wa miaka 11 gemu yenye alama ya 18 anavunja sheria. Maana yake muuza duka asiyemjua mwanao alikatazwa kumpa kitu hicho, na mjomba anayempenda akakibeba kwenye begi hadi Mombasa kama zawadi. Mjomba huyo hangemletea mtoto chupa ya wiski. Wazazi wa Kikristo mnahangaika na nyimbo, mnahangaika na nguo za binti zenu, lakini alama iliyochapwa rangi nyekundu kwenye jalada hamuisomi kwa kuwa “ni mchezo tu, na mtoto ametulia.” Mtoto ametulia kwa sababu ana shughuli, nawe huijui.

Mrudishie mjomba kwa adabu, au iweke hadi mtoto awe mtu mzima na aamue mwenyewe. Usiichome mbele yake. Kufanya hivyo kutaifanya iwe tunda la katikati ya bustani. Mambo mawili zaidi ambayo hukuniuliza. La kwanza, nakala za kudurufu zinazouzwa mitaani hazina jalada wala alama, na katika vibanda vya gemu sijawahi kuona mtoto akiulizwa umri. Kwa hiyo nenda ukakae humo nusu saa, uone mwanao anacheza nini na kando ya nani. La pili, gemu nyingi za siku hizi huchezwa kwa intaneti na wachezaji huongea kwa maikrofoni. Alama ya umri hupima kilichotengenezwa na kampuni. Haimpimi mwanamume wa miaka 35 anayemwita mwanao “kaka” usiku wa manane. Kwenye simu, Play Store ina sehemu ya udhibiti wa wazazi yenye namba ya siri. Iwashe, na namba yenyewe isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto.

Mchungaji wetu alihubiri kwamba utafiti umethibitisha kuwa gemu ndizo zinazowafanya vijana wa Marekani wapige watu risasi mashuleni. Ni kweli? *(Mzee wa kanisa, Arusha)*

Haijathibitishwa, na namwomba mchungaji asiirudie. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilieleza mwaka 2015 kwamba kuna uhusiano kati ya gemu za mapigano na tabia za ukali, na mwaka 2020 kikasema tena kwamba uhusiano huo ni mdogo, na kwamba kuzibebesha gemu lawama za uhalifu wa kuua hakuna msingi wa kisayansi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitupa mwaka 2011 sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto gemu za mapigano, kwa majaji saba dhidi ya wawili, nayo haikuridhishwa na ushahidi ulioletwa. Japani na Korea Kusini zinacheza gemu kama sisi tunavyokunywa chai, na mauaji ya bunduki huko ni machache sana. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kama alivyohubiri mchungaji wako, nilikosea.

Ila wale wanaofurahia jibu hili wasikimbie nalo. Gemu kutokukufanya muuaji si sifa kubwa. Katika Mathayo 5 Yesu alianza na Usiue, kisha katika mstari uliofuata akahamia kwenye hasira na matusi ya moyoni. Mkristo anayejipima kwa maiti alizoziacha nyuma amejipunguzia mtihani mno.

Sisi vijana tunataka kuandaa mashindano ya gemu katika ukumbi wa kanisa. Tuna ya mpira na Mortal Kombat. Tuchague ipi? *(Katibu wa vijana, Nakuru)*

Mpira. Mwaka 2007 Kanisa la Uingereza liliilalamikia Sony kwa sababu gemu yake ya Resistance: Fall of Man ilikuwa na mapambano ya bunduki ndani ya Kanisa Kuu la Manchester, mji ambao wakati huo ulikuwa ukizika vijana wake waliouawa kwa bunduki, na kampuni ikaomba radhi. Ninyi mnataka kuyaleta kwa hiari yenu, tena kwa projekta.

Je, zipo gemu za Kikristo zenye mapigano? *(Msomaji, Kampala)*

Zipo. Mwaka 2006 huko Marekani ilitoka Left Behind: Eternal Forces, ambamo majeshi ya waamini hupigana na ya Mpinga Kristo katika mitaa ya New York. Mchezaji huweza kuwaongoa maadui au kuwaua. Akiua, nguvu za kiroho za askari wake hushuka, na ili kuzirudisha anabonyeza kitufe cha kuomba. Yaani toba ya kubonyeza, kisha unaendelea kupiga risasi. Kati ya gemu hiyo na ile isiyojifanya ya kanisa, kwa kweli ninayoiogopa zaidi ni hii inayojifanya ya kanisa.

Mume wangu ni shemasi. Hucheza gemu ya vita kwenye simu hadi saa nane usiku, na amenunua “almasi” za gemu kwa pesa ya ada. Anasema si kamari. Nimwambie nini? *(Dada, Mwanza)*

Pole sana, dada. Hapo damu ya kwenye skrini ndiyo tatizo dogo kuliko yote. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la kushindwa kujizuia kucheza gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022: mtu hawezi kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote, naye anaendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 hivi. Kuhusu kamari, akiwa anatumia almasi hizo kununua masanduku ya ndani ya gemu ambayo hajui yana nini, Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari na ikayapiga marufuku. Usizungumze naye saa nane usiku akiwa na simu mkononi. Zungumza naye Jumamosi mchana, risiti ya ada ambayo haikulipwa ikiwa mezani, na namba ya siri ya pesa za simu mwiweke wawili. Akikataa, mwite mchungaji. Shemasi ana kiapo, nawe una haki ya kumkumbusha mbele ya aliyemwapisha.

Mwalimu, taja basi mchezo mmoja tu ambao ni salama kabisa kwa Mkristo. *(Msomaji, Tanga)*

Bao. Na hata hilo, kawaulize kwanza wake za wanaolicheza.