Hesabu Petali Kwanza

Nilisoma CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), sasa nataka kuchora. Baba anasema nimetupa miaka miwili. (Mafinga)

Mpe mzee shikamoo, halafu mwonyeshe kazi. Hukutupa kitu. Mkono wangu mimi ulinyooshwa na praktiko za baiolojia: mstari mmoja safi, usitie kivuli, mistari ya majina isikatane. Nilikatwa alama kwa kupamba jani la mharage, na hadi leo nashukuru. Mchoraji Maria Sibylla Merian alivuka bahari mwaka 1699 hadi Suriname, Amerika Kusini, kuchora wadudu juu ya mimea wanayoila, tangu kiwavi mpaka kipepeo. Mwambie baba hiyo.

Penseli gani nzuri? (Njombe, Tunduma, Uyole, na wengine wasiosoma majibu ya wiki zilizopita)

Iliyochongwa.

Nimechora okidi ya Kitulo, naomba maoni. (Mbeya mjini)

Umechora petali tano zinazolingana. Hilo ni ua la kwenye khanga. Okidi ina sepali tatu za nje na petali tatu za ndani, na petali moja haifanani na wenzake: huo ndio mdomo, mara nyingi ndipo mdudu anapotua. Katikati, stameni (sehemu ya kiume) na pistili (ya kike) zimeungana kuwa nguzo moja. Shika lenzi ya mkono uchungulie: chavua yake si unga unaopeperuka, imeshikamana vibonge. Ukishaviona, mkono utaona haya kudanganya. Wewe ulinakili picha ya simu, kubali tu. Kitulo huchanua masika. Vaa koti, lala kifudifudi kwenye nyasi, chora.

Na usithubutu kung'oa. Hiyo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Hata nje ya mipaka yake, viazi vya okidi vimechimbwa sana kupelekwa Zambia kupikwa chikanda. Msanii anayeng'oa ili apate cha kuchora, mwenye jembe ni afadhali. Yeye anatafuta mlo.

Kipunji nimchore rangi gani? (Tukuyu)

Kima huyo ni kahawia, uso mweusi, tumbo na ncha ya mkia vyeupe-vyeupe. Nywele za utosini zimesimama, usimchane. Wataalamu walimtangaza 2005, ila jina walilikuta kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Uko Tukuyu halafu unaniuliza mimi?

Rangi za maji hazikauki huku kwetu. (Makete)

Ukungu huo. Punguza maji, subiri. Jiko la mkaa usiliguse: niliwahi kuunguza kazi ya siku tatu, na chumba kikifungwa hewa yake ya sumu inaua.