Lita 20 zinatosha Mlima Kenya?

Kaka, umeuliza kama begi la lita 20 litatosha kulala mara mbili mlimani kwa njia ya Sirimon. Litatosha, kwa sababu kwenye kambi za Old Moses na Shipton's kuna mabanda ya kulala, kwa hivyo hema unaliacha Nairobi.

Kinachobaki kula nafasi ni mfuko wa kulalia. Tafuta wa manyoya ya bata. Kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi, Nairobi, hupatikana ukiwa na subira, ila uubonyeze kwanza uone kama unafura tena. Halafu usiukaze kwenye kifuko chake kidogo. Utakuwa mgumu kama jiwe na kuacha mapengo pembeni. Tanguliza mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya begi, kisha sukumia wa kulalia chini kabisa, ukiwa huru, ujaze kila kona. Plastiki hiyo pia itazuia mvua, na mvua ya kule haina taarifa.

Mtungi wa gesi wa gramu 100 uingie ndani ya sufuria pamoja na kiberiti. Mkeka wa sponji ufunge nje.

Lakini jaketi nzito na koti la mvua usiyapunguze, nakuomba. Kilele cha Point Lenana, unakokwenda, ni mita 4,985, na wengi hupanda usiku wafike alfajiri, saa ya baridi kali kuliko zote. Begi likikataa kufunga, toa nguo za kubadilisha, ubakishe soksi kavu za kulalia.