Tununue Dagaa Wakati wa Giza

Swali la wiki lilikuwa hili: familia inawezaje kupunguza gharama ya chakula bila kupunguza kinacholiwa? Jibu langu, kwa sisi tunaoishi Mwanza, ni kwamba fedha nyingi za jikoni hazipotei kwa sababu ya chakula tunachokula, bali kwa sababu ya siku tunayokinunua na kipimo tunachokinunulia. Sitaandika bei, kwa kuwa zingebadilika kabla jarida halijavuka kwenda Ukerewe. Nitaeleza jinsi bei zenyewe zinavyopanda na kushuka.

Nianze na dagaa, ambao ndio kitoweo cha nyumba nyingi kuanzia Igogo hadi Kayenze. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za umeme wa jua, kwa sababu hufuata mwanga na kukusanyika chini yake. Mbalamwezi inapong'aa, taa ya mvuvi hupoteza nguvu, dagaa hutawanyika, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu. Siku za giza, mwezi unapokaribia kuandama na siku chache baada ya kuandama, mitumbwi hutoka kwa wingi na mzigo hujaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Kwa hiyo mtu anayenunua fungu moja kila jioni, mwezi mzima, hulipa bei ya uhaba kwa siku nyingi bila kujua, ilhali dagaa waliokaushwa vizuri si kitoweo cha kununuliwa kwa haraka. Anayenunua sado nzima, yaani kopo kubwa la kupimia, wakati wa giza, akawaanika tena juani kwa muda, kisha akawafunga katika ndoo yenye mfuniko unaobana, huvuka siku za mbalamwezi bila kwenda sokoni.

Ubora nao una hesabu yake. Dagaa waliokaushwa mchangani huuzwa kwa bei ya chini kuliko waliokaushwa kwenye chanja, lakini sehemu ya unachokipima ni mchanga, na kuwaosha mpaka wasikwaruze meno kunahitaji maji mengi na kunawavunjavunja. Tia konzi moja katika bakuli la maji, uwakoroge, kisha utazame kinachobaki chini, nawe utaamua mwenyewe iwapo unafuu huo ni wa kweli. Mimi huchagua wa chanja. Wakati wa mvua huwa mwangalifu zaidi, kwa sababu dagaa wasiopata jua la kutosha huanza kuoza ndani wakiwa bado wanaonekana wakavu kwa nje.

Kuhusu sangara, minofu yake mingi huenda viwandani na kusafirishwa nje ya nchi, nasi hatuwezi kushindana na wanunuzi hao. Vichwa na mapanki, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kuondolewa, hubaki kwetu, na sioni aibu yoyote kuvitaja: kichwa kikubwa cha sangara kina nyama na mafuta ya kutosha kutoa mchuzi wa familia nzima, mradi kiwe kibichi siku hiyo. Unafuu ninaoukataa ni ule wa samaki wachanga wanaouzwa kwa kificho. Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa, na anayewanunua anachangia kupandisha bei ya kitoweo chake mwenyewe cha miaka ijayo.

Nafaka ndiyo sehemu yenye fedha nyingi zaidi, nayo huhitaji uvumilivu. Mahindi huwa nafuu baada ya mavuno, hasa kati ya Juni na Agosti, kisha hupanda kadiri ghala za wakulima zinavyokauka. Wengi wanalijua hilo, ila wanahofia wadudu, na hofu hiyo ina sababu. Dumuzi, ambaye wengine humwita Scania, aligundulika mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na uwezo wake wa kugeuza gunia la mahindi kuwa unga usiofaa unajulikana kwa kila mwenye ghala. Dawa nzuri niijuayo ni mfuko usiopitisha hewa: wadudu waliomo humaliza hewa, wakafa, na mahindi yakabaki salama bila kunyunyiziwa kitu. Sharti ni kwamba mahindi yawe yamekauka kabisa kabla ya kufungwa, la sivyo yataota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Njia ya kupima ni rahisi. Weka mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa kwa dakika chache, uiache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, yarudishe mahindi juani.

Mahindi hayo yasagwe dona badala ya kukobolewa. Debe moja la mahindi likisagwa dona hutoa unga mwingi kuliko debe hilohilo likikobolewa kuwa sembe, na kiini chenye lishe hakiishii kwenye pumba za kuku. Kwa kuwa mafuta ya kiini hufanya dona ichachuke mapema, peleka mashineni kiasi cha wiki mbili au tatu tu.

Kifungua kinywa kinakula fedha zaidi ya tunavyodhani, kwa sababu mkate na maandazi hununuliwa kila asubuhi kwa noti ndogo ambazo hakuna anayezihesabu. Wasukuma walilitatua jambo hili zamani kwa michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, vibichi au baada ya kuchemshwa. Vinakaa miezi, vinashibisha, na chai haivikatai. Watoto wa mjini watanuna mwanzoni.

Nishati niipitie haraka. Maharage yalowekwe usiku kucha, na mkaa usinunuliwe kwa kopo, kwa sababu kopo ni fungu la dagaa kwa jina jingine. Kwa wanaoweza kununua mtungi wa gesi, wafanye hivyo; serikali yenyewe imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Lipo pingamizi moja ambalo siwezi kulikwepa. Mwendesha bodaboda au mama lishe anayepata fedha yake jioni hawezi kuambiwa anunue gunia, na kumwita mzembe kwa kununua kwa vipimo vidogo ni kumwonea: ananunua kwa kadiri ya kilichomo mfukoni. Hata hivyo, kaya nne au tano zinazoaminiana zinaweza kuchanga kidogo kidogo kila wiki, kama zinavyofanya kwenye kibati, yaani mchezo wa upatu, isipokuwa zamu hii haimpi mtu fedha taslimu bali inanunua gunia la wote. Mtaani kwetu tunafanya hivyo kwa mahindi na mchele. Anayeshika fedha si yule anayekwenda sokoni. Gunia la rumbesa, lililojazwa kupita kipimo, hatulichukui, kwa kuwa linamnyonya mkulima na kutuvurugia hesabu. Mgawo hufanywa kwa mizani mbele ya wote, kamwe si kwa sado, maana kila mkono hujaza sado kwa namna yake; na gunia tupu, ambalo mwanzoni lilizua ugomvi kuliko mahindi yenyewe, sasa linachukuliwa kwa zamu.