Barua kwa mwanangu: kiwanja cha Mtwapa hakitauzwa

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho baada ya Isha nyumba ilipotulia. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kati ya vyuo vinane vya Marekani ulivyoviorodhesha uombe vyuo gani, na je, kiwanja cha Mtwapa kikiuzwa kitatosha kukusomesha uzamili wa fedha? Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako nitakubali haraka.

Kiwanja hatuuzi. Si kwamba sikuamini. Miaka 22 nilikaa kwenye meza ya mikopo, na kila aliyekuja nilitakiwa kumuuliza kwanza pesa ya kulipia itatoka wapi, kisha ndiyo niangalie dhamana. Kuna siku sikuuliza vya kutosha. Mzee mmoja wa Likoni alileta hatimiliki ya nyumba yake akope karo ya mwanawe huko huko Marekani. Karatasi zilikuwa safi, nikapitisha. Kijana alisoma vizuri akamaliza, lakini kozi ilikuwa ya miezi tisa na kibali chake cha kazi cha mwaka mmoja. Mwaka ukaisha bila mwajiri wa kumbakisha, akarudi nyumbani kulipwa shilingi. Mzee aliiuza nyumba kwa mkono wake kabla dalali hajafika. Nikipanda feri hadi leo namkumbuka.

Orodha yako umeipanga kwa ukubwa wa majina. Naomba uipange upya. Anza na kibali cha kazi.

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, yaani ile ya masomo, akihitimu huruhusiwa kufanya kazi inayohusiana na masomo yake kwa miezi 12. Ruhusa hiyo wanaiita OPT. Kozi ikiwa imesajiliwa katika fungu la sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, yaani STEM, anaweza kuomba miezi 24 zaidi, mradi mwajiri amejiunga na E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki kama mfanyakazi ana ruhusa ya kufanya kazi. Sasa angalia mtego ulipo: vyuo viwili vinaweza kutoa "uzamili wa fedha", kimoja kikawa kimeisajili kozi kama hisabati ya fedha, kingine kama fedha za kawaida za biashara. Jina la kozi halikuambii. Iandikie ofisi ya udahili uulize namba ya CIP, ile ambayo kule hutumika kupanga kozi katika mafungu. Hisabati ya fedha ni 27.0305. Wakikujibu kwa maneno mazuri yasiyo na namba, uliza tena.

Baada ya hapo tazama urefu wa kozi. Ya miezi tisa au kumi huanza Agosti na kwisha Mei, haina kiangazi katikati, na kiangazi ndicho kipindi ambacho benki za kule huwajaribu vijana kabla ya kuwaajiri. Utakuwa hujajua hata basi la kwenda sokoni, na tayari wenzako wanafanya usaili. Carnegie Mellon, kozi yao ya fedha na kompyuta ni ya miezi 16, kiangazi kimo ndani. MIT wanakupa uchague miezi 12 au 18. Kwako wewe ni 18, usiniulize mara mbili. Lakini ada ya MIT peke yake inapita dola 80,000, zaidi ya shilingi milioni 10, na hapo hujala wala hujalipa kodi ya nyumba.

Baruch pale New York ni chuo cha umma, na ada yake ni ndogo kuliko ya majirani zake kama Columbia. Nafuu hiyo haina maana kwamba mlango ni mpana. Wanataka hisabati nzito na uandishi wa programu kwa lugha ya C++. Wewe shahada yako ni ya biashara, daraja la pili la juu, na hisabati uliyosoma ni ya mwaka wa kwanza. Hilo si aibu, ni pengo, na pengo huzibwa. Soma aljebra ya mstari, uwezekano na lugha ya programu ya Python jioni baada ya kazi, upate cheti cha kuonyesha. Ukiomba mwaka huu utawapa sababu ya kukukataa. Ukingoja mwaka mmoja utakuwa mwombaji mwingine kabisa.

Sasa hesabu, na hii uifanye mwenyewe kwa kalamu. Serikali ya Marekani haikopeshi wanafunzi wa viza kama yako. Wapo wakopeshaji kama Prodigy Finance na MPOWER wasiodai mdhamini, ila riba yao mara nyingi inapita asilimia 10, nayo huanza kuhesabika ukiwa bado darasani. Chukua dola 60,000 kwa asilimia 12, miaka 10. Kila mwezi utadaiwa kama dola 861. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni karibu shilingi 112,000. Unakumbuka Januari 2024 ilipokaribia 160? Malipo yale yale yangekuwa karibu 138,000, na mshahara wa Nairobi usingeongezeka hata senti. Mwezi wa Februari serikali yetu ikauza hatifungani mpya, yaani ikakopa kwa wawekezaji wa nje, dola bilioni 1.5 ili kupunguza deni la ile ya 2014, shilingi ikapata nguvu, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imerudi karibu 130. Safari ile tulipona. Mtu anayedaiwa dola na kulipwa shilingi hapaswi kutegemea kupona kila mara.

Na H-1B, viza ya kazi anayokuombea mwajiri, usiiweke kwenye hesabu. Nafasi za kila mwaka ni 65,000, pamoja na 20,000 za waliopata uzamili au zaidi Marekani, na waombaji hupita hapo kwa mbali. Septemba 2025 wametangaza pia malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya, hata kama hayamgusi kila mtu. Hesabu yako isimame kwa ile miaka mitatu ya OPT na kurudi nyumbani. Ukipata zaidi, alhamdulillahi.

Chuo hakitakupa I-20, fomu ya kuombea viza ya masomo, mpaka uonyeshe pesa ya mwaka wa kwanza, iwe akiba, ufadhili au mkopo uliokwisha kuidhinishwa. Ardhi kwa kawaida hawaihesabu. Na pale ubalozini Gigiri, kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji kinamchukulia kila mwombaji kuwa anataka kuhamia mpaka athibitishe vingine. Familia yenye kiwanja chake Mtwapa ni jambo la kumweleza afisa. Tukikiuza tumejinyang'anya wenyewe.

Mengine ni madogo. Katika mitihani ya kuingilia uzamili, chagua GRE au GMAT, usifanye yote miwili. Matokeo hudumu miaka mitano. Umesoma kwa Kiingereza, basi omba usamehewe TOEFL, mtihani wa Kiingereza, na ada ya maombi pia omba usamehewe, vyuo vingi vinakubali wakiombwa mapema. Wakala anayekuhakikishia viza mkimbie. EducationUSA, washauri wa serikali ya Marekani kuhusu masomo ya kule, wako Nairobi, nenda ukawaulize. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, nayo iombe, ukijua kwamba inakulazimu kurudi nyumbani miaka miwili.

Sehemu yangu ni hii. Hisa zangu za Sacco nitakuwekea dhamana ya mkopo wa shilingi 800,000, za mtihani, maombi, viza, tikiti na miezi ya kwanza. Zaidi ya hapo, pesa itoke kwa chuo kinachokutaka. Nitumie orodha mpya kabla ya Jumapili, yenye namba za CIP, miezi ya kozi, ada, na ufadhili wanaotoa kwa wageni. Babako ameshatoa kile kikokotoo chake cha zamani kabatini, amekiweka mezani, anakungoja.

Mamako