Swali la lugha: Uzito, tungamo na "mchanganyiko" wa maji

SWALI: Mimi hufundisha kemia jioni mtaani Umoja, Nairobi. Vitabu ni vya Kiingereza, ila wanafunzi hushika upesi nikiwaeleza kwa Kiswahili. Juzi niliandika ubaoni, "Uzito wa mchanganyiko wa maji ni gramu 18." Mwenzangu akanikosoa: eti si uzito, ni tungamo. Yuko sahihi?

JIBU: Yuko sahihi, mwalimu, lakini ameshika kosa dogo, kubwa likampita.

Katika fizikia, tungamo (au masi) ni kiasi cha maada, na halibadiliki hata ukilipeleka mwezini. Uzito ni nguvu ya mvutano, hupimwa kwa nyutoni. Unachokokotoa ni tungamo, basi liandike hivyo. Hata hivyo wanakemia wenyewe hawajaliacha neno la zamani; kamisheni ya IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia, inayotoa thamani za atomu bado ina "uzito wa atomu" katika jina lake. Na pale Marikiti hakuna anayeuliza tungamo la viazi. Mwanafunzi akisema "uzito wa molekuli" kwa mdomo, mwache.

"Mchanganyiko" ndilo lisilovumilika. Githeri ni mchanganyiko: ongeza mahindi, punguza maharagwe, bado ni githeri, na asiyetaka maharagwe atayachambua pembeni ya sahani. Maji hayana uhuru huo. Kila molekuli ina atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Ikiongezeka oksijeni moja tu, hayo si maji tena, ni haidrojeni peroksidi. Hesabu yako inawezekana kwa sababu idadi hizo hazibadiliki. Mchanganyiko hauna fomyula, sasa utajumlisha nini? Sema "kampaundi". Wapo wasemao "msombo", nami sina ugomvi nao.

Halafu hizo gramu. Molekuli moja ya maji haina gramu 18, la sivyo tungekunywa molekuli kwa kijiko! Gramu 18 ni za moli nzima, yaani fungu kubwa mno la molekuli lenye idadi maalumu. Andika "tungamo la molekuli ya maji ni 18", bila kipimo, kwa kuwa ni ulinganisho tu na sehemu moja ya kumi na mbili ya atomu ya kaboni-12. Au "maji yana gramu 18 kwa kila moli".

Hukuuliza, lakini nitasema: angalia unavyotamka kuzidisha. Katika sodiamu kaboneti, Na₂CO₃, ile itokanayo na madini ya trona ya Ziwa Magadi, oksijeni ni tatu, kila moja ina tungamo la 16. Ukisema "zidisha 16 mara tatu", kuna atakayerudia kuzidisha mara tatu bila kujua kwa ngapi. "Zidisha 16 kwa 3" haina utata, ni 48. Ongeza 46 za sodiamu mbili (23 kwa 2) na 12 za kaboni, upate 106. Atomu nazo ni za ngeli ya i-zi: atomu hii, atomu hizi. "Maatomu" yaache.

Penye mabano ndipo ulimi huharibu hesabu kabisa. Chokaa iliyozimwa ni Ca(OH)₂. Wengi husoma "kalsiamu, oksijeni, haidrojeni mbili", wakajumlisha 40, 16 na 2, wakapata 58. Ile mbili ni ya mabano yote. Wafundishe kusoma "kalsiamu moja, haidroksidi mbili": 40, kisha 17 (16 na 1) kwa 2, jumla 74.